Nani alitangulia kutengeneza kingamwili ndani ya bakteria? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kesi ya Cabilly na Boss

Maswali haya huulizwa zaidi na wanafunzi wa sheria, watu wa maabara, na wasomaji waliosikia juu juu kwamba kampuni moja ya California ilitoza mrabaha dawa za makampuni mengine kwa miaka mingi kwa sababu ya jaribio la bakteria la mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ugomvi wenyewe ulihusu nini?

Ulihusu njia ya kuipa seli moja jeni mbili ili itengeneze sehemu mbili za kingamwili, kila moja kivyake, kisha sehemu hizo ziungane na kufanya kazi kama kingamwili ya kawaida ya mwilini. Mwaka 1983 makundi mawili yaliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya jambo hilo hilo. Moja, la Boss, lilikuwa Uingereza; jingine, la Cabilly, California; na yote mawili yalikuwa yamefanya kazi yake ndani ya bakteria aitwaye E. coli. Kila upande ulisema umetangulia. Shauri lilidumu miaka kumi kuanzia 1991 hadi 2001, na aliyeondoka nalo alipata haki ya kutoza sehemu kubwa ya dawa za kingamwili zilizouzwa Marekani hadi Desemba 2018.

Kwa nini mtu atake kutengeneza kingamwili ndani ya bakteria?

Kingamwili ni protini kubwa yenye umbo kama herufi Y. Ina minyororo minne: miwili mizito inayofanana na miwili myepesi inayofanana. Ncha za Y ndizo zinazokamata kitu kigeni, na kila kingamwili hukamata kitu chake.

Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walionyesha namna ya kuunganisha seli ya panya inayotoa kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kuzaliana. Seli chotara iliyopatikana ilitoa kingamwili ya aina moja tu, mfululizo. Walipata Nobeli mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne. Tatizo lilikuwa kwamba kingamwili hizo ni za panya, na mwili wa binadamu huzishambulia kama mgeni mwingine yeyote. Ukitaka kuzibadilisha ziwe za kibinadamu zaidi, lazima ushike jeni zake mkononi, uzikate, uziunge, kisha uzitie kwenye seli itakayozisoma.

Bakteria ndio waliokuwa karibu. E. coli huzaliana kwa takriban dakika 20 penye chakula cha kutosha, na tangu 1978 ilijulikana kwamba wanaweza kutengeneza insulini ya binadamu. Lakini angalia insulini ile ilivyotengenezwa: ina minyororo miwili mifupi, A na B, na kila mmoja ulitengenezwa na kundi lake la bakteria, kisha ikaunganishwa nje. Mnyororo mmoja, seli moja. Mazoea hayo yatakuja kuwa na uzito mkubwa kwenye kesi, miaka zaidi ya 25 baadaye.

Waliogombana ni akina nani?

Upande wa California: Shmuel Cabilly na Arthur Riggs wa City of Hope, kituo cha utafiti na hospitali kilichoko Duarte, pamoja na Herbert Heyneker, William Holmes na Ronald Wetzel wa kampuni ya Genentech, South San Francisco. Riggs ni yule yule aliyeshiriki kazi ya insulini. Watu huziita hataza zao Cabilly I na Cabilly II kwa kuwa jina la Cabilly limetangulia kwenye orodha.

Upande wa Uingereza: Michael Boss, John Kenten, John Emtage na Clive Wood wa kampuni ya Celltech, mjini Slough. Celltech ilianzishwa mwaka 1980 kwa msaada wa serikali, na moja ya sababu ni uchungu uliobaki baada ya kazi ya Köhler na Milstein kutoombewa hataza. Uvumbuzi umetoka Cambridge, faida imekwenda kwingine. Kwa hiyo Celltech ilizaliwa ikiwa na deni la kulipiza, na mimi naona hilo linaeleza kwa nini waliwahi ofisi ya hataza mapema vile.

Maabarani walifanya nini hasa?

Kundi la Cabilly lilichukua seli chotara ya panya inayotoa kingamwili dhidi ya CEA, protini inayopatikana kwa wingi kwenye baadhi ya saratani za utumbo. Walitoa jeni ya mnyororo mzito na ya mnyororo mwepesi, wakaziweka kwenye plazmidi, yaani vipete vya DNA ambavyo bakteria huvibeba na kuvisoma.

Bakteria waliitikia, ila kwa namna yao. Protini ilitengenezwa kwa wingi lakini ikaganda ndani ya seli kama mabonge yasiyoyeyuka, minyororo ikiwa imejikunja ovyo. Ilibidi kuvunja seli, kukusanya mabonge, kuyayeyusha kwa kemikali kali inayonyoosha protini, kisha kuipunguza kemikali hiyo polepole ili minyororo ijikunje upya na kushikana. Mwishoni walipima: je, kilichopatikana kinaikamata CEA? Kilikamata, ingawa ni sehemu ndogo tu ya protini yote iliyorudi kwenye umbo linalofaa.

Kundi la Boss lilitumia kingamwili nyingine ya panya, inayokamata kemikali ndogo iitwayo NP, na likapita njia iliyofanana kwa karibu. Makundi yote mawili yalichapisha mwaka 1984, Wamarekani kwenye jarida la PNAS na Waingereza kwenye Nucleic Acids Research. Ukisoma makala hizo mbili moja baada ya nyingine, utaelewa kwa nini ofisi ya hataza iliona zinadai kitu kimoja.

Tarehe zinasemaje?

Celltech iliwasilisha ombi lake Uingereza tarehe 25 Machi 1983. Genentech iliwasilisha lake Marekani tarehe 8 Aprili 1983. Siku 14.

Kisha Ofisi ya Hataza ya Marekani ikafanya jambo la kushangaza kidogo: ilizitoa hataza zote mbili siku moja, 28 Machi 1989. Ya Boss ni namba 4,816,397 na ya Cabilly ni 4,816,567. Ila Cabilly wa wakati huo, yaani Cabilly I, alipewa madai (vifungu vinavyosema hataza inalinda nini) ya kingamwili zilizobadilishwa, kama zile zenye kichwa cha panya na mkia wa binadamu. Dai la seli moja yenye jeni mbili lilikuwa kwa Boss. Genentech ilikuwa na ombi la mwendelezo lililowasilishwa 1988, bado liko mezani. Ikanakili humo madai ya Boss, kwa makusudi kabisa, ili ofisi ilazimike kuamua nani ni wa kwanza. Hiyo ilikuwa njia halali na ya kawaida. Shauri likafunguliwa rasmi Februari 1991.

Kama Celltech iliwahi kuwasilisha, mbona mambo hayakuishia hapo?

Katika sehemu kubwa ya dunia yangeishia hapo. Ofisi ya Ulaya haiulizi nani aliwaza kwanza. Inatazama tarehe ya ombi. Marekani ya wakati ule ilikuwa na utaratibu wake: hataza ni ya aliyevumbua kwanza, hata kama amechelewa kufika ofisini.

Uvumbuzi ulipimwa kwa mambo mawili. La kwanza ni siku ambayo wazo lilikamilika akilini mwa mvumbuzi, kamili kiasi kwamba fundi wa kawaida wa fani hiyo angeweza kulitekeleza bila kuvumbua chochote cha ziada. La pili ni siku ambayo jambo lilitekelezwa na likaonekana kufanya kazi. Kuwasilisha ombi la hataza lililoeleza kila kitu kulihesabiwa kuwa utekelezaji, hata kama maabarani bado.

Aliyetekeleza kwanza ndiye aliyeshinda, isipokuwa mwenzake athibitishe kwamba aliwaza kabla yake na hakulegea tangu muda mfupi kabla ya mpinzani kuingia uwanjani mpaka yeye mwenyewe alipomaliza. Genentech, kwa hiyo, ilikuwa na milango miwili: kuonyesha kwamba ilitekeleza kabla ya 25 Machi 1983, au kwamba iliwaza kabla ya siku hiyo na ikaendelea kufanya kazi bila kukatika kwa zile siku 14 hadi 8 Aprili.

Kwa nini Celltech haikuleta madaftari yake ya Slough kuonyesha ilianza lini?

Kwa sababu sheria haikuruhusu. Hapa ndipo watu wengi hushtuka. Kifungu cha 104 cha sheria ya hataza ya Marekani kilizuia kuthibitisha tarehe ya uvumbuzi kwa kazi iliyofanyika nje ya nchi hiyo. Mtafiti wa South San Francisco aliweza kuleta daftari lake la mwaka 1982. Mtafiti wa Slough, hata angekuwa na daftari la zamani zaidi, alihesabiwa kuwa amevumbua siku ile ombi lake lilipofika kaunta ya ofisi ya hataza, basi. Ombi la Uingereza lilikubalika kama tarehe. Daftari la Uingereza, hapana.

Kizuizi hicho kililegezwa kwa Kanada na Mexico tangu Desemba 1993, na kwa nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu Januari 1996, lakini kwa maombi yaliyokuja baadaye tu. Boss hakufaidika nacho.

Mfano mkali zaidi ni wa interferoni ya beta, ulioamuliwa na mahakama ya rufaa ya hataza mwaka 1993. Wadai walikuwa watatu na wote wageni: Fiers wa Ubelgiji, Revel wa Israeli, Sugano wa Japani. Fiers alijaribu kupitia mlango wa nyuma. Alisema wazo lake lilibebwa kuingizwa Marekani na wanasayansi wawili wa huko aliokuwa amewaeleza, kwa hiyo lihesabiwe tangu walipotua. Mahakama haikukataa kwamba wazo linaweza kubebwa. Ilisema tu kwamba wazo lililobebwa halikuwa limekamilika. Kujua njia ya kuitafuta jeni si sawa na kuijua jeni yenyewe. Revel alikuwa na ombi la mwaka 1979, la mapema kuliko wote, lakini halikuwa na mpangilio wa herufi za DNA. Sugano aliwasilisha Machi 1980 akiwa na mpangilio kamili, na akashinda.

Ni ushahidi gani uliokubalika?

Neno la mvumbuzi peke yake halikutosha, hata awe mtu mwenye heshima kiasi gani. Mahakama za Marekani zilishang'amua zamani kwamba mtu anayedai hataza yenye thamani ya mamilioni hukumbuka tarehe kwa namna inayomfaa. Kila kitu kilihitaji kuungwa mkono na mtu mwingine au na karatasi.

Ndiyo maana madaftari ya maabara za Marekani yalikuwa na taratibu zake. Daftari limefungwa, si karatasi huru za faili. Kurasa zina namba tangu kiwandani. Unaandika kwa wino. Ukikosea unapiga mstari mmoja ili neno la chini lisomeke, huchani wala hufuti kwa rangi nyeupe. Nafasi iliyobaki chini ya ukurasa unaipigia mstari wa mshazari asije mtu akaongeza kitu. Kisha mwenzako asiye mvumbuzi, ila anayeielewa kazi, anasoma, anaandika kwamba amesoma na kuelewa, anatia sahihi na tarehe. Sahihi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na thamani mahakamani. Daftari lililojaa matokeo mazuri lakini likatiwa sahihi na mvumbuzi tu lilikuwa karibu sawa na maneno matupu.

Karatasi nyingine pia zilisaidia: barua kati ya maabara, risiti za kemikali zilizoagizwa, rasimu zilizotumwa kwa wakili, kumbukumbu za vikao. Kwenye swali la kutolegea, wakili aliyekuwa akiandika ombi aliweza kuulizwa siku kwa siku alikuwa akifanya nini. Likizo ndefu isiyo na maelezo iliweza kukugharimu kesi.

Kwa kingamwili kulikuwa na ugumu wa ziada. Je, lini unaweza kusema umefanikiwa? Bakteria wakitoa mnyororo mzito peke yake, bado. Wakitoa yote miwili lakini imeganda, bado. Dai linataka kitu kinachofanya kazi ya kingamwili, yaani kinachokamata. Kwa hiyo ukurasa unaohitajika ni ule wa kipimo cha mwisho, nao lazima uwe na tarehe ya kabla ya 25 Machi.

Bodi iliamua nini?

Baada ya zaidi ya miaka saba, Agosti 1998, bodi ya rufaa na migongano ya Ofisi ya Hataza iliipa Celltech ushindi. Ilisema Genentech haikuthibitisha kwamba ilikuwa imewaza au kutekeleza uvumbuzi kabla ya tarehe ya Waingereza. Tarehe pekee iliyobaki kwa Genentech ikawa ile ya kuwasilisha, 8 Aprili, nayo ilikuwa nyuma.

Sasa imekuwaje Genentech ikaishia na hataza?

Sheria iliruhusu aliyeshindwa kwenye bodi aende mahakama ya wilaya ya shirikisho na kuleta ushahidi mpya, si kukata rufaa kwa karatasi zile zile tu. Genentech ilifungua kesi hiyo Oktoba 1998, Kaskazini mwa California.

Machi 2001, kabla ya hukumu, pande zote mbili zilirudi mahakamani kutoka kwenye usuluhishi zikiwa zimeelewana. Zilikubaliana kwamba Genentech ndiyo iliyotangulia. Zikaiomba mahakama iamuru hivyo. Mahakama ikaiagiza Ofisi ya Hataza ifute uamuzi wa bodi, iondoe hataza ya Boss na kuitoa ya Cabilly. Tarehe 18 Desemba 2001 ikatoka namba 6,331,415, ndiyo Cabilly II. Celltech, kwa upande wake, ilipata leseni na malipo.

Huo si ujanja?

Wapo walioita hivyo waziwazi, mmoja wao ni kampuni ya dawa ya MedImmune. Tazama hesabu. Hataza ya Boss ilitolewa 1989 na kwa kanuni ya zamani ya miaka 17 ingekufa Machi 2006. Ya Cabilly II ilitoka kwenye ombi la kabla ya Juni 1995, kwa hiyo nayo ilihesabiwa miaka 17 tangu kutolewa, si tangu kuombwa. Iliishi hadi 18 Desemba 2018. Ukiunganisha na Cabilly I, Genentech ilikuwa na ulinzi wa zaidi ya miaka 29 kwa kazi iliyoombewa siku moja ya Aprili 1983.

MedImmune ilidai kwamba washindani wawili waligawana faida kwa hasara ya kila mtu mwingine, na kwamba mapatano yale yalivunja sheria ya ushindani. Mahakama hazikukubali hoja hiyo. Kumaliza kesi ya hataza kwa maelewano ni halali, na mapatano yalipita mbele ya jaji. Kisheria limekwisha. Mimi bado naona si haki kusema kwamba swali la nani alitangulia lilijibiwa. Chombo pekee kilichopima ushahidi wote na kutoa hukumu baada ya ubishi kamili kilisema ni Celltech. Kilichokibatilisha ni makubaliano ya wenye kesi. Na hata ushindi ule wa Celltech ulipimwa bila daftari lake hata moja.

MedImmune ilifikaje Mahakama ya Juu?

Ilikuwa na leseni ya Genentech tangu 1997. Cabilly II ilipotoka, iliambiwa kwamba dawa yake ya Synagis, ya kukinga watoto wachanga dhidi ya virusi vya RSV, inaguswa na hataza mpya na mrabaha unadaiwa. Synagis ilikuwa inaleta zaidi ya asilimia 80 ya mapato ya mauzo yake. MedImmune haikuthubutu kugoma, maana kugoma kungeweza kuleta fidia mara tatu na amri ya kusimamisha mauzo. Ikalipa huku ikiandika kwamba inapinga, na ikashtaki.

Mahakama za chini zilisema unayelipa huna mgogoro. Januari 2007 Mahakama ya Juu ilipindua hilo kwa kura 8 kwa 1, Jaji Scalia akiandika, Jaji Thomas akipinga peke yake: si lazima uvunje mkataba kwanza ndipo uruhusiwe kuuliza kama hataza ni halali. Wanasheria wengi wa biashara wanaijua kesi hii kwa kanuni hiyo tu na hawajui kabisa kwamba chini yake kuna bakteria. MedImmune na Genentech zilipatana mwaka 2008.

Wakati huo huo Ofisi ya Hataza ilikuwa ikiichunguza upya Cabilly II. Mwaka 2007 iliikataa. Genentech ikajibu kwamba Aprili 1983 fikra za fani nzima zilikuwa mnyororo mmoja, seli moja, kama insulini ilivyofanywa, na kwamba kuweka jeni mbili za kingamwili kwenye seli moja halikuwa jambo la wazi kwa fundi wa wakati ule. Mwaka 2009 ofisi ikakubali. Mwaka 2015 Sanofi na Regeneron walijaribu tena kwa utaratibu mpya wa kupinga hataza, na hilo nalo likaishia kwenye mapatano.

Kama uvumbuzi ulikuwa wa bakteria, mbona dawa za seli za mamalia zililipa?

Soma dai la 1. Halisemi bakteria. Linasema seli moja iliyopewa jeni mbili, ya sehemu ya mnyororo mzito na ya mwepesi, ikatoa minyororo hiyo kama molekuli mbali mbali. Bakteria walikuwa mfano uliofanyiwa kazi. Dai lilienea kwa seli yoyote.

Na biashara ilikuwa kwenye seli nyingine. E. coli hawawezi kuiwekea kingamwili sukari zake maalumu kwenye shina la Y, sukari ambazo mwili hutegemea ili kingamwili iite askari wengine wa kinga. Kuunga molekuli nzima ya aina ile ndani ya bakteria nako ni kazi ngumu. Kwa hiyo Herceptin ya saratani ya matiti, Rituxan ya saratani ya tezi za limfu na Humira ya baridi yabisi hutengenezwa kwenye seli za ovari za hamsta. Seli hizo pia hupewa jeni mbili. Dai likazigusa.

Je, kuna dawa yoyote ya kingamwili inayotoka kwa bakteria kweli?

Zipo, ila ni vipande vya kingamwili, si Y nzima. Njia ilifunguka mwaka 1988 pale Skerra na Plückthun, na kundi jingine la kampuni ya Xoma, walipowafanya bakteria wavisukume vipande hadi kwenye nafasi iliyo kati ya ngozi zake mbili, ambako protini hujikunja vizuri bila kuyeyushwa na kuundwa upya. Lucentis, inayodungwa jichoni kwa wazee wanaopoteza uwezo wa kuona, iliidhinishwa Marekani 2006 na hutoka kwa E. coli. Ni ya Genentech. Cimzia iliidhinishwa 2008, nayo ni ya E. coli. Hiyo ilitokana na kazi ya Celltech, iliyonunuliwa na UCB mwaka 2004.

Ile kesi ya City of Hope na dola milioni 500 ndiyo hii?

Hapana. Ile ilihusu mkataba wa 1976 kati ya City of Hope na Genentech, na mrabaha wa hataza za Riggs na mwenzake Itakura, zilizotangulia. Baraza la wazee wa mahakama liliipa City of Hope dola milioni 300 za fidia na 200 za adhabu mwaka 2002; mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya California iliziacha zile 300 na kufuta 200.

Utaratibu wa aliyevumbua kwanza bado upo?

Kwa maombi mapya, hapana. Sheria iliyosainiwa Septemba 2011 iliihamisha Marekani kwenye utaratibu wa kuwahi kuwasilisha, kuanzia 16 Machi 2013. Maombi yenye tarehe za kabla ya hapo bado huhukumiwa kizamani. Ndiyo maana ugomvi wa CRISPR, zana ya kuhariri jeni, kati ya Chuo Kikuu cha California na Taasisi ya Broad ulipiganwa kwa barua pepe na madaftari: bodi iliipa Broad ushindi Februari 2022, na Mei 2025 mahakama ya rufaa ikarudisha suala la lini wazo lilikamilika lipimwe tena.

Nikiwa mtafiti Kenya au Tanzania, kanuni ipi inanihusu?

Ya tarehe ya kuwasilisha. Ndivyo ilivyo kwa sheria ya mali ya viwandani ya Kenya ya 2001, na ndivyo ilivyo ukipitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la mali ya ubunifu, ambalo makao yake yako Harare na linazihudumia nchi zote mbili. Kenya inakuachia miezi 12 kama wewe mwenyewe ulikwishatangaza kazi yako, lakini usiitegemee nafasi hiyo kama unataka pia ulinzi wa Ulaya; kule ukichapisha kwanza, umejiharibia.

Daftari lenye sahihi bado lina kazi, ila kazi yake imebadilika. Sasa linatumika zaidi kuthibitisha nani ni mvumbuzi na nani alisaidia tu, na kwamba kazi haikuibwa kwa mwenzako. Maswali hayo huibuka sana kwenye ushirikiano wa maabara za huku na za ng'ambo, ambapo sampuli na wazo vinaweza kutoka upande mmoja na ombi la hataza likaandikwa upande mwingine. Mgawanyo wa majina na umiliki uandikwe kabla sampuli hazijapanda ndege.

Naweza kuzisoma hataza zenyewe?

Ndiyo, bure. Tafuta namba 4,816,397, 4,816,567 na 6,331,415 kwenye hifadhi yoyote ya hataza mtandaoni. Anza na dai la 1 la ile ya mwisho, kisha rudi kwenye mifano ya maabara ndani ya 4,816,567, sehemu ya plazmidi mbili ndani ya bakteria mmoja. Maelezo ya kisayansi ya Cabilly I na Cabilly II ni yale yale. Kilichopiganiwa miaka kumi kiko kwenye madai, mwishoni kabisa mwa hati.